Bastola ya Dola Mia Mbili

Kijana akishaonja kulenga shabaha, swali linalofuata ni la bei. Amekwenda uwanjani na wenzake wa kazini, amekodi bastola kwa saa moja, karatasi yake imetoboka karibu na katikati, na sasa anataka ya kwake. Siku za Ijumaa, watu wakiwa wanatafuta viatu vyao mlangoni, kila mara yupo mmoja anayenisogelea: "Mjomba, hizi bastola za dola mia mbili zinafaa, au ni kutupa pesa?" Huniuliza mimi kwa sababu ya kazi yangu. Mimi ni mkereza vyuma. Ufundi niliuanzia karakana ya Tanga, na leo naendesha mashine za kuchonga vipuri hapa Columbus, Ohio, mji ambao Kiswahili utakisikia kituo cha basi, dukani na hospitali, kwa lafudhi ya Mombasa, ya Uvira na ya waliokulia kambi ya Kakuma.

Vijana hao wanadhani swali ni la chuma. Nusu yake ni la chuma kweli, na nusu hiyo naijibu kwanza bila kuichanganya na mawaidha, kwa kuwa aliyeuliza kama mnunuzi anastahili kujibiwa kama mnunuzi.

Jibu langu ni kwamba zinafaa, nyingi zake.

Chukua mfano ulio karibu nasi. Mwendo wa saa moja na kidogo kwa gari, kaskazini-mashariki mwa Columbus, upo mji wa Mansfield, na hapo ndipo zinapotengenezwa bastola za Hi-Point. Inayojulikana zaidi ni C9 ya risasi za milimita 9, ambayo kwa miaka mingi imeuzwa kwa dola 200 au chini yake. Ukiishika mara ya kwanza ni rahisi kuidharau. Ni nene, imeelemea upande wa juu, na haina umbo la kupendeza. Lakini mkereza akiitazama anaona kwa nini kila kitu kimekaa kilivyokaa. Bastola nyingi za milimita 9 zina ufundi wa kuufunga mtutu na sehemu ya juu inayorudi nyuma, vishikane kwa kitambo kidogo kuliko kupepesa jicho, mpaka risasi itoke na shinikizo lishuke, ndipo viachane. Ufundi huo unataka vipande vilivyochongwa kwa kipimo cha kubana sana, na kipimo cha kubana ndicho kinachokula saa za mashine. C9 haina ufundi huo. Mtutu umekazwa kwenye fremu, na kinachozuia sehemu ya juu isifunguke mapema ni uzito wake pamoja na springi. Ndiyo maana bastola inayobeba risasi 8 tu ina uzito wa gramu zipatazo 820.

Uzito wenyewe haukuchongwa kutoka kwenye bonge la pua. Umesubiwa. Zamaki ni mchanganyiko wa zinki na alumini, magnesi na shaba kidogo, nao huyeyuka kabla ya kufika nyuzi 400 za Selsiasi, wakati pua inadai zaidi ya 1,400. Bei ya bastola hii inatoka hapo. Madini yanayoyeyuka kwa joto dogo unaweza kuyasukuma ndani ya kalibu ya chuma, yakaganda mara moja, ukafungua ukatoa kipande kinachokaribia kuwa kimekamilika, na kalibu ile ile ikarudia kazi hiyo maelfu kwa maelfu ya mara bila kuharibika. Mtutu ni wa pua, maana hapo hakuna njia ya mkato. Ukiifungua utakutana na jambo ambalo mimi nilitabasamu kwa kuliona: pini inayopiga risasi ndiyo hiyo hiyo inayolikumba ganda tupu na kulirusha nje. Kipande kimoja kinafanya kazi mbili, na aliyefikiri hivyo alikuwa fundi. Kuifungua kwenyewe kuna usumbufu, kwa sababu lazima ugonge pini nyingine kwa nyundo ndogo, ilhali bastola za bei ya juu hufunguka kwa vidole. Ikiharibika, kampuni huitengeneza bure, awe mwenye nayo ni mnunuzi wa kwanza au wa tano.

Mtu wa kujifurahisha, hata hivyo, nisingemwanzishia hapo. Ningempa Heritage Rough Rider, rivolva ndogo ya risasi za .22 inayopatikana mara nyingi kwa chini ya dola 200. Nayo fremu yake ni ya kusubu, mtutu na gurudumu la risasi ni vya pua. Matundu 6 unayajaza moja moja kupitia kidirisha cha pembeni, na kila risasi lazima kwanza uvute nyundo kwa kidole gumba. Haina haraka. Anayetaka kumwaga risasi kwa fujo atachoka nayo siku ya kwanza, na anayetaka kujifunza kulenga itamfundisha kupumua kati ya risasi na risasi. Risasi za .22 kwa bei za miaka hii ni senti 7 hadi 10 kila moja. Za milimita 9 ni senti 25 hivi. Fanya hesabu mwenyewe. Risasi 800 za milimita 9 ni dola 200, yaani bei ya bastola imekwisha kurudiwa, na mtu anayekwenda uwanjani mara kwa mara hufika 800 kabla msimu haujabadilika. Kwa hiyo anayejiuliza usiku kucha kati ya bastola ya dola 200 na ya dola 500 anajiuliza juu ya sehemu ndogo kabisa ya gharama.

Unafuu wa namna hii una historia ya heshima. Mwaka 1949, William Ruger na Alexander Sturm walianza kuuza bastola ya .22 kutoka Southport, Connecticut, kwa dola 37.50. Fremu yake ilikuwa bati mbili za chuma zilizokandamizwa kwa mashine kisha zikaunganishwa kwa kuchomelewa, badala ya kuchongwa kutoka kwenye kipande kizima kama walivyofanya wengine. Watu wakaipenda, na warithi wake bado wanatengenezwa. Hakuna aliyeibiwa kitu katika bei ile. Ruger alipunguza saa za mashine, mnunuzi akapunguziwa dola, basi.

Kwa hiyo wale wanaomcheka mtu uwanjani kwa sababu ameweka Hi-Point mezani siwaungi mkono. Nimeyaona macho ya kijana wa ghala anayelipwa kwa saa, aliyejibana miezi ili anunue kitu chake, akisikia kicheko cha mtu mwenye bastola ya dola elfu mbili. Asiye na kitu naye anachoka, naye ana haki ya kustarehe. Karatasi iliyo umbali wa mita 7 haijui bei ya kilichoitoboa.

Lakini upo unafuu wa aina ya pili, na fundi asipousema atakuwa amemficha mnunuzi. Mwaka 1968 Marekani ilipitisha sheria iliyozuia kuingizwa kwa bastola za kigeni zisizohesabiwa kuwa za michezo, na lengo mojawapo lilikuwa zile ndogo za bei ya chini. Sheria ilifunga bandari, haikufunga karakana. Kuanzia mwaka 1970, kuizunguka Los Angeles, zilichipuka kampuni zilizotengeneza bastola za aina hiyo hiyo ndani ya nchi, kwa kusubu, kwa wingi: Raven, Jennings, Davis, Lorcin, Bryco. Mwaka 1994, huko California, mtu mzima alijaribu kuiondoa risasi kwenye bastola ya Bryco ndani ya nyumba yenye mtoto wa miaka 7. Bastola ile ilitengenezwa hivi kwamba huwezi kuvuta sehemu ya juu kutoa risasi mpaka kwanza uondoe kizuizi cha usalama. Yaani wakati unaohitaji usalama kuliko wakati wowote, usalama haupo. Risasi ikatoka, ikampiga mtoto, akapooza kuanzia shingoni. Katika kesi ilielezwa kwamba kizuizi kiliunganishwa namna hiyo kwa sababu bastola ilikuwa inakwama, na kuibadilisha namna ya kukifunga kulikuwa rahisi kuliko kurekebisha kasoro yenyewe. Mwaka 2003 jopo la mahakama liliamua kampuni na mmiliki wake wabebe zaidi ya dola milioni 20 za fidia. Kampuni ikaomba kufilisika.

Ipo na ya Taurus ya Brazili. Mwaka 2015 ilikubali suluhu katika madai yaliyohusu karibu bastola milioni moja za miundo yake ya zamani, zilizodaiwa kuwa zikianguka zinaweza kufyatuka. Kampuni ilikanusha kosa, na miundo iliyokuja baadaye leo inauzwa sana na inasifiwa. Anayenunua bastola ya mkono wa pili kwa bei ya kutupa na aitazame namba yake kwenye orodha za kurudishwa kiwandani kabla hajafurahia bei.

Nikiziweka bastola hizi pamoja kwenye meza yangu, Ruger ya 1949 na Bryco ya 1994, zote rahisi, naona njia mbili za kushusha bei ya kitu. Njia ya kwanza ni kupunguza: unaondoa urembo, unaondoa kipande kisicho cha lazima, unafikiri zaidi ili mashine ifanye kazi kidogo. Njia ya pili ni kuhamisha: gharama ipo pale pale, ila umeisukuma kwa mtu asiyekuwepo dukani. Mtoto yule wa miaka 7 alilipa dola ambazo mnunuzi hakulipa na mtengenezaji hakutaka kulipa.

Na hapa ndipo nusu ya pili ya swali inapoanza, kwa sababu mnunuzi naye anazo njia hizo mbili.

Mtu mwenye dola 250 anaweza kununua rivolva ya dola 160, sanduku dogo la chuma lenye kufuli kwa dola 40, miwani na vizibo vya masikio, na kinachobaki kikanunua risasi za kuanzia. Huyo amepunguza. Mwingine mwenye dola 250 hizo hizo anaona bastola ya dola 240 inayong'aa zaidi, anainunua, anairudisha nyumbani kwenye boksi lake la karatasi na kuiweka juu ya kabati. Duka lenye leseni linatakiwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 2005 kumpa kila mnunuzi wa bastola kifaa cha kuifungia. Basi hicho kikufuli cha waya nacho kinabaki ndani ya nailoni yake. Huyo wa pili anaamini amenunua kitu bora kuliko mwenzake. Kwa hesabu yangu amenunua kwa mkopo, na waliomdhamini ni mke wake na watoto, bila kuulizwa.

Katika fiqhi ya Kishafi tuliyosomeshwa vyuoni huko pwani, mwenye kushika amana halipi ikiharibika mikononi mwake, isipokuwa akizembea. Akizembea, analipa. Bastola ni mali ya aliyeinunua, hilo halina mjadala. Uhai wa wanaolala chini ya paa moja na bastola hiyo ni amana. Kwa hiyo ninapoulizwa kama bastola ya bei nafuu inafaa, mimi huuliza: baada ya kuilipia, umebakiwa na nini cha kuilipia amana? Kama hakuna kilichobaki, basi hata ya dola 200 ni ghali kwako, na ungoje.

Nimewasikia wanaojibu kwamba ajali ni kudura, kikifika kimefika. Siwezi kubishana na kudura, nami naiamini. Lakini tunasimuliwa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaelekeza waliopita msikitini na mishale waishike kwenye ncha zake isije ikamjeruhi mtu. Alikataza watu kukabidhiana upanga ukiwa nje ya ala. Akakemea vikali kumwelekezea ndugu yako chuma, hata kama ni ndugu wa baba na mama. Mbele yake walikuwa watu wenye imani kuliko sisi, wamo msikitini, wamejaa tawakkul, na bado aliwaambia pa kushika mshale. Jeff Cooper, mwalimu wa bastola wa Kimarekani aliyefariki mwaka 2006, alifahamika kwa kanuni nne za usalama wa silaha zinazobandikwa leo kwenye kuta za viwanja vingi, na ile ya kutouelekeza mtutu kwa usichokusudia kukiangamiza inasema jambo ambalo mtoto wa madrasa alikwisha lisikia.

Hadithi za kusifu kulenga shabaha zipo pia, na vijana wanazijua kuliko wanavyozijua za adabu. Kwamba nguvu ni kulenga, kwamba kulenga ni katika michezo iliyobarikiwa. Ibn al-Qayyim aliandika kitabu kizima juu ya ufarisi, na upinde una nafasi kubwa humo. Nakubali yote. Ila najihadhari na anayezitoa hadithi hizo kama risiti ya dukani. Waliosifiwa katika hadithi hizo walilenga pamoja, mchana, hadharani, kwa ajili ya umma uliowazunguka. Hazikusemwa juu ya mtu mmoja na droo ya kitandani. Starehe ya kulenga naihalalisha kwa njia nyepesi zaidi. Imam Ghazali aliuona mchezo wa halali kuwa ni dawa ya moyo uliochoka, na dawa ina kipimo. Mtu aliyesimama saa nane akibeba maboksi, akaenda uwanjani, akalazimika kutuliza pumzi, kutuliza mkono, kusahau deni na kelele za msimamizi kwa muda wa risasi 6, amepumzika kweli. Nimeliona hilo usoni kwa watu. Nililiona Tanga kwa watoto wenye manati chini ya mwembe, kabla sijajua kwamba lina jina katika vitabu.

Jirani yangu wa ghorofa ya chini hakubaliani nami. Ni mzee wa Kikatoliki kutoka Uvira, amevuka ziwa akiwa mkimbizi, na siku niliyomweleza kwamba vijana wetu wanakwenda kupiga risasi kwa kujifurahisha alinyamaza, kisha akasema, "Ndugu yangu, mimi chuma ile naijua kwa sauti tu, na sauti yake ilinitosha." Kwake hakuna bastola ya kuchezea, kama ambavyo hakuna msiba wa kuchezea. Tumelizungumza mara nyingi kwenye ngazi. Namwambia kitu si kile alichofanyiwa nacho. Ananijibu kwamba aliyetengeneza kile alikuwa na mtu akilini, hakuwa na karatasi. Kwa C9 ana haki, iliundwa kwa ajili ya kujilinda. Kwa ile .22 ya 1949 sioni kwamba ana haki. Ruger aliwauzia walenga shabaha tangu mwanzo. Mzee hatofautishi, na baada ya aliyoyapitia simlazimishi atofautishe. Nililojifunza kwake ni kwamba mimi naweza kuruhusiwa mchezo wangu bila yeye kulazimishwa kuusikia. Ndiyo maana nawaambia vijana wasipige picha na bastola na kuzituma kwenye kundi la simu la mtaa. Katika kundi hilo wamo watu waliozika.

Sasa jambo zito kuliko yote, ambalo halisemwi msikitini wala kanisani kwetu. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa risasi Marekani, na 26,328 kati yao walijiua. Zaidi ya nusu. Mtu akinunua bastola anamwazia mwizi, au anaiwazia karatasi. Mtu ambaye bastola ile ina uwezekano wa kumdhuru hamuwazii, kwa kuwa ni yeye. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika New England Journal of Medicine, uliowafuatilia watu wazima wapatao milioni 26 wa California, ulikuta kwamba wanaume wenye bastola walikufa kwa kujipiga risasi kwa kiwango kinachokaribia mara 8 ya wasio nazo. Kwa wanawake ilikuwa mara 35. Kwa njia nyingine za kujiua hawakuwazidi wenzao, na hilo ndilo linalonikosesha raha: haikuwa kwamba wenye bastola walikuwa watu waliokwisha kata tamaa kuliko wengine kwa kila njia. Chombo kilikuwepo karibu katika saa mbaya. Na zaidi ya nusu ya vifo hivyo vya risasi vilitokea baada ya mwaka mmoja kupita tangu bastola kununuliwa, wakati mnunuzi amekwisha zoea kuwa nayo.

Fikiria vijana wetu. Wako mbali na mama zao, zamu za usiku, theluji miezi minne, simu ya nyumbani kila mwisho wa mwezi ikiuliza pesa. Wakivunjika moyo hawasemi, kwa kuwa wamefundishwa kwamba mwanamume hasemi na kwamba Muumini hakati tamaa. Huzuni ina kipindi, inakuja na inaondoka, na aliyevushwa usiku mmoja mara nyingi huishi miaka mingi baada yake. Huyu, hata kama ana dola elfu tano, namwambia asinunue. Akodi. Uwanjani bastola za kukodi zipo, amevuta nyundo, amelenga, amefurahi, amerudisha kaunta, amekwenda nyumbani kulala. Raha yote anayoitafuta ameipata, na hatari imebaki nyuma ya kaunta ya mtu mwingine. Na aliyekwisha nunua kisha moyo ukamwelemea, aitoe nyumbani leo, ampe anayeruhusiwa kisheria kuishika, na apige namba ya msaada ya 988 azungumze na mtu. Nimekaa na vijana wa hali hiyo. Hakuna aliyekufuru kwa kusema amechoka.

Kukodi ndilo jibu langu kwa wengi, na halinipotezei heshima ya mafundi wa Mansfield. Mlenga shabaha anayekwenda uwanjani mara moja kwa mwezi hana haja ya kumiliki chochote. Anayekwenda kila wiki, ana mahali pa kufungia, ana usingizi mzuri na nyumba tulivu, huyo anunue ya bei nafuu na asione haya.

Ya sheria nitayapitia haraka. Duka lenye leseni halikuuzii bastola kabla ya miaka 21. Utajaza fomu 4473, na mwenye kadi ya kijani ana haki ya kununua, ila wenye viza za muda kwa kawaida hawana. Swali la fomu ninalolikazia ni lile linalouliza kama wewe ndiye mnunuzi halisi. Binamu asiyeweza kununua atakuomba umnunulie "kwa jina lako tu." Usikubali, ni kosa la shirikisho, na ni mlango wa damu. Oktoba 2000, hapa Ohio, mtu mmoja alichukua bastola 87 kwa mkupuo kwa kutumia jina la mwingine, zote Hi-Point. Mwaka 2003, moja kati ya zilizopitia mikono yake ilimjeruhi kijana wa sekondari huko Buffalo, New York, aliyekuwa akicheza mpira wa kikapu na akadhaniwa kuwa mtu mwingine. Kesi ilizunguka mahakamani miaka mingi, na mwaka 2019 mahakama ya juu kabisa ya New York ikaamua kwamba haina mamlaka juu ya muuzaji wa Ohio. Bukhari ametaja kwamba sahaba Imran bin Husein alichukia kuuza silaha wakati wa fitna. Anayekupa jina lake kununulia silaha amekuwa muuzaji, hata kama hakupata senti.

Jingine dogo ni risasi kama madini. Moshi wa uwanja wa ndani una vumbi lake, na linanata. Osha mikono na uso kwa sabuni kabla ya kula, na usimbebe mtoto ukiwa na shati ulilopigia shabaha.

Limebaki la mwisho, ambalo mnunuzi wa mara ya kwanza halifikirii kabisa: bastola itakwenda wapi. Zamaki ikitunzwa hudumu, na pua hudumu zaidi, kwa hiyo chombo kitaendelea kupiga wakati hamu ya mwenyewe imekwisha kitambo. Bastola ya dola 200 inauzika jioni moja kwenye maegesho ya magari. Sheria ya shirikisho haimlazimishi mtu binafsi kumkagua mkazi mwenzake wa jimbo anayemuuzia, na Ohio haijaongeza sharti hilo. Ruhusa hiyo mimi siitumii na siwashauri waitumie. Ukichoka nayo, irudishe kwenye duka lenye leseni, hata wakikupa nusu ya bei. Hiyo nusu nyingine ndiyo gharama yako, usimhamishie mtu wa mtaa usioujua.

Na sisi tumeusiwa kwamba mwenye mali ya kuusia asilale bila wasia wake kuandikwa. Mpwa wangu, aliyenunua Rough Rider baada ya kunisumbua kwa muda mrefu, ameuandika wake. Nyumba hana, shamba hana. Ana gari, akiba kidogo na rivolva. Ameandika kwamba rivolva isigawanywe pamoja na vitu vya nyumbani, ipelekwe kwenye duka lenye leseni, na thamani yake ndiyo iingie kwenye mirathi. Aliniletea niusome. Nilimwambia aongeze jambo moja tu: nani mwingine anayeijua namba ya kufungulia sanduku.